Mkalimani na Lile Neno la Kukimbia

Kama mtu angefungwa kwa yale aliyoyatamka mahakamani, Mkalimani wetu wa Mpanda angekuwa jela mpaka leo. Kila wiki alisimama mbele ya Bwana Shauri, yule afisa wa Kiingereza aliyesikiliza kesi pale bomani, akamwambia kwa sauti ileile na uso uleule kwamba amempiga mkewe, ameiba mahindi ya jirani, amekutwa na nyama ya kiboko bila kibali, na kwamba hajutii. Hakuwa amefanya hata moja. Kanuni yake ilikuwa kwamba mtu akisema "mimi" kwa Kiswahili, naye aseme "mimi" kwa Kiingereza. Kusema "huyu bwana anadai" alikuona ni uvivu, tena ni kujitenga na watu.

Alitafsiri kila kitu. Shahidi akikohoa katikati ya maneno, Mkalimani alisubiri, kisha alipofika mahali hapo katika Kiingereza, naye akakohoa. Bibi mmoja wa kijiji cha Mamba aliwahi kumwambia Bwana Shauri kwamba jua limemfanya mwekundu mno shingoni, na mama yake alikosea kumruhusu kuja huku. Askari wakatazama chini. Mkalimani akalitoa lote, pamoja na mama. Bwana Shauri akajibu kwamba mama yake alimkataza kweli, ila hakumsikia. Jibu hilo nalo likarudishwa kwa Kiswahili neno kwa neno, na bibi akaenda zake ameridhika, ingawa kesi yake alishindwa.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Kibaraza changu kilitazamana na nyumba yake, kwenye njia iendayo stesheni, na kwa miaka kumi hivi nilimshonea kaptura zake za kaki. Hakuna mteja aliyenitesa kama yeye. Nikimpima kiuno, alichukua futi akajipima mwenyewe, akanitajia jibu, nalo lilikuwa lilelile langu. Nilimuuliza siku moja kama haniamini. Akasema ananiamini, ila alitaka kulisikia mara mbili.

Mtu angedhani mwenye ulimi kama ule nyumbani kwake ni msemaji. Wapi. Nyumbani alikuwa bubu kabisa. Mkewe ndiye aliyekuwa akija kibarazani kwangu kusema, "Mzee anasema kaptura inambana," naye Mzee amesimama nyuma yake, anatikisa kichwa kukubali. Wageni wakija, mama yule aliwaeleza Mzee anaonaje mvua za mwaka ule, Mzee anasemaje kuhusu bei ya chumvi. Sijui alikuwa anayatoa wapi maneno hayo. Mume hakuwahi kuyakanusha, na sisi majirani tuliyapokea kama yake. Nakiri kwamba hata mimi, kwa miaka yote ile, nikitaka kujua jambo lake nilimuuliza mkewe.

Jambo moja tu ndilo lililomfungua kinywa: neno la Kiingereza lenye herufi tatu, *run*. Sisi wote tulijua maana yake, hata wale ambao Kiingereza chetu kiliishia kwenye kusalimia. Ni kukimbia. Yeye naye alijua hivyo, mpaka mwaka wake wa kwanza kazini, alipoletwa mfanyabiashara mmoja wa Kibaoni na Bwana Shauri wa wakati huo akataka kuhakikisha, kwa neno hilo, kwamba ndiye anayeliendesha duka lake. Mkalimani akauliza kwa Kiswahili kama ni kweli analikimbia duka. Mfanyabiashara akakana kwa hasira. Akasema hajawahi kulikimbia duka lake, hata simba alipoingia sokoni alibaki ndani, na mashahidi anao. Kesi ikaahirishwa mpaka baada ya chakula cha mchana.

Watu walicheka wiki nzima. Mkalimani hakucheka wala hakukasirika. Aliomba kamusi kubwa iliyokuwa ofisini, akatafuta neno lile, akakuta limejaza ukurasa, akafungua, likaendelea, akafungua tena. Alinisimulia kwamba alijisikia kama mtu aliyepangisha chumba kimoja kwa mgeni mpole, kisha akagundua kwamba mgeni ameleta ukoo mzima. Siku hiyohiyo alinunua daftari lenye jalada gumu, na tangu hapo akaanza kulikusanya neno lile popote lilipokuwa.

Alikusanya kwa watu waliofanya kazi karibu na Wazungu. Kule kwenye mgodi wa madini ya risasi, vijana wa mashine walimpa pampu inayofanya kazi na mwamba wenye madini unaoendelea chini ya ardhi, vyote kwa neno lile. Karani wa stesheni alimpa ratiba ya treni. Dresa wa hospitali alimpa mafua, maana kwao pua yenye kamasi nayo hukimbia. Mpishi wa klabu ya Wazungu ndiye aliyekuwa tajiri kuliko wote. Huyo alieleza kwamba chumvi ikiisha jikoni, mama wa nyumba husema wamekimbia nje ya chumvi, wakati amekaa kitini. Kisha akaeleza kwamba uzio wa banda la kuku nao jina lake ni lilelile. Mkalimani akasimamisha kalamu.

"Kuku wamefungiwa humo?" aliuliza.

"Wamefungiwa."

"Wasikimbie?"

"Ndiyo, Mzee."

Akaandika. Kwenye daftari lake maana hiyo aliiwekea mstari chini, na mpishi aliniambia kwamba usiku huo yeye hakulala vizuri, akidhani amempotosha Mzee.

Mimi nami nilimpa mbili. Bibi mmoja wa Kizungu wa mgodini aliniletea gauni ambalo rangi ya ua jekundu ilikuwa imechuja ikaingia kwenye nyeupe, na soksi zake ndefu za hariri zilizofumuka mstari mmoja toka goti mpaka kisigino. Kwa mambo yote mawili alilia kwa neno lilelile. Nilipomwambia Mkalimani, alivuka njia akiwa na daftari, akavaa miwani, akalikagua gauni, akazikagua soksi. Aliniuliza kama bibi huyo alitumia sauti ileile kwa vyote viwili. Nikamwambia kwa soksi alipaza zaidi. Hilo nalo akaliandika.

Usidhani alikuwa na msimamo mmoja juu ya neno hilo. Jumatatu aliwahurumia Waingereza. Alisema ni watu maskini wa maneno: sisi rangi yetu inachuja, mto wetu unapita, kamasi zetu zinatoka, duka letu linaendeshwa, kila kitu na neno lake safi, na wao wanahangaika na hilo moja tu, wanapeana kama familia yenye sufuria moja. Alhamisi alirudi akawasifu. Alisema ni watu wenye akili ya ajabu, wametengeneza chombo kimoja kinachofanya kazi zote, na sisi tunabeba mzigo mzima wa vyombo. Nilimkumbusha ya Jumatatu. Akasema Jumatatu alikuwa hajapata ya banda la kuku.

Asili ya neno alipewa na padre mmoja Mholanzi, aliyepita Mpanda kwa pikipiki akitokea misheni ya kule ziwani, akasimama kwangu nimtilie kiraka kanzu yake. Mkalimani alimkuta hapo, akamsubiri amalize chai, kisha akamuuliza kama anamjua baba wa neno *run*. Padre hakushangaa. Alisema lina wazazi wawili, kwa kuwa zamani sana yalikuwa maneno mawili yaliyofanana, na hata lugha ya kwao yeye ina ndugu wa maneno hayo. La kwanza lilikuwa la maji kutiririka na la miguu kwenda mbio. La pili lilikuwa la kukifanya kitu kitiririke au kiende mbio. Baadaye Waingereza wakachoka kuyatofautisha, yakawa moja.

Mkalimani akasimama. Sikuwahi kumwona amesimama ghafla namna ile.

"Kukimbia na kukimbiza," alisema.

Padre akakubali kwamba ndivyo.

"Basi walikuwa nayo *-iza* kama sisi. Wakaipoteza."

Kwa siku kadhaa alikuwa mtu mwingine kabisa. Alinieleza, na alimweleza hata fundi wa baiskeli ambaye hakuwa ameuliza, kwamba mwenye duka la Kibaoni hakuwa analikimbia duka, alikuwa analikimbiza, na kama angejua hivyo mapema, kesi ingeisha kabla ya chakula. Mvua zilipoanza, alikwenda kwa miguu mpaka mto Katuma, akasimama ukingoni asubuhi nzima. Aliporudi suruali imelowa, mkewe akatuambia Mzee anasema maji ndiyo yaliyotangulia, miguu ilifuata.

Sasa nieleze kesi moja, maana bila hiyo mtu huyu angebaki kichekesho tu, na mimi sikuzoea kumcheka.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa mkulima wa mpunga kule Mamba. Alikuja Mpanda kwenye msiba wa mzee mmoja wa ukoo ulio mtani wa ukoo wao tangu zamani za mababu. Alifanya yanayompasa mtani. Aliingia kaburini kumpokea maiti. Alivaa koti la marehemu, akaigiza alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akiwanyima watu tumbaku, mpaka mjane aliyekuwa hajala siku mbili akacheka na kupokea uji. Kisha akachukua baiskeli ya marehemu na kutangaza kwamba haitoi mpaka ikombolewe kwa kuku. Kila mtu akafurahi.

Kila mtu isipokuwa mtoto mkubwa wa marehemu, aliyekuwa amefika kwa treni siku hiyo baada ya kufanya kazi pwani miaka mingi. Alikuta mtu asiyemjua amevaa koti la baba yake, yuko juu ya baiskeli ya baba yake, anaimba kwamba baba yake alikuwa bahili. Akaenda moja kwa moja kwa askari. Wazee walipokuwa bado wanambembeleza, shemeji alikuwa ameshaondoka na baiskeli, nao askari wakamkamata mbali, kwenye njia ya Kibaoni. Akawekwa ndani kwa wizi, tena wizi wa msibani. Ilikuwa majira ya kupandikiza mpunga na wanawe walikuwa wadogo. Akifungwa miezi sita, nyumba yake ingekosa chakula mwaka mzima, na mke wangu hakuacha kulia.

Alasiri ya siku iliyotangulia kesi nilivuka njia. Safari hii sikuongea na mkewe.

"Mzee," nilisema, "kesho usiwape maneno tu. Waelezee mambo yenyewe. Wale hawajui utani."

"Fundi, mimi ni mdomo wa watu. Wakili siyo mimi."

"Wakili hana. Ana wewe."

Alikuwa anapiga pasi shati lake la kazini, akaendelea kulipiga. Akasema shemeji yangu atasema atakachosema, naye atakisema hivyohivyo, asipunguze wala asizidishe, kama alivyofanya kwa kila mtu. Akasema mkalimani akianza kuwaongezea watu maneno mazuri, kesho atawaongezea mabaya. Niliondoka nikiwa nimemchukia. Nasema wazi, nilimchukia mpaka asubuhi.

Kesho yake shemeji aliulizwa kwa nini alichukua baiskeli. Akasema marehemu alikuwa mtani wake, na aliichukua kwa utani. Mkalimani akafungua kinywa, akafunga, akafungua tena, akatoa neno. Karani aliyekaa kando yangu alininong'oneza kwamba amesema *joke*, yaani mzaha, kwa kuwa kamusi haina lingine. Bwana Shauri akauliza kama ni kawaida ya watu wa huku kuwaibia wafiwa kwa mzaha. Mkalimani akaligeuza swali. Shemeji, asiyejua neno lake limekuwa nini njiani, akajibu kwa furaha kwamba ndiyo, ndiyo desturi, na lisipofanyika watu hulalamika. Mkalimani akalipeleka jibu hilo, pamoja na ile furaha. Bwana Shauri akachukua kalamu.

Hapo Mkalimani akapiga hatua moja mbele, akaomba ruhusa ya kusema. Bwana Shauri akamuuliza nani anataka kusema. Akajibu kwamba ni yeye.

Alisema kwa Kiingereza kwa muda mrefu, mikono nyuma, bila kutikisika. Alipomaliza, akatugeukia sisi wa kwenye mabenchi, na kwa kuwa sheria ilitaka lisemwalo mahakamani lieleweke kwa pande zote, akajitafsiri mwenyewe kwa sauti ileile.

"Mimi nimesema neno nililompa Bwana ni dogo mno. Utani ndiyo mazishi yenyewe. Mtani ndiye anayeingia kaburini. Ndiye anayemsema marehemu vibaya ili wafiwa wacheke, wale. Akichukua kitu, wenye msiba wanamfuata na kuku, wanakikomboa, na hapo ndipo watu wanarudi kwenye kazi zao. Yote hayo ni neno moja. Bwana akiona ni mengi kwa neno moja, nimemkumbusha kwamba kwao maji, pua, treni na banda la kuku ni neno moja, na sisi hatujamfunga mtu kwa hilo. Bwana mwenyewe husema anaikimbiza wilaya hii. Hatujamwona akitoka jasho."

Bwana Shauri alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akawaita wazee wa ukoo wa marehemu mmoja mmoja, akawauliza kama hayo ni kweli, nao wakasema ni kweli. Mtoto wa marehemu aliulizwa kama ana kuku. Hakuwa naye, ikabidi tarishi atumwe kumtafuta, na mahakama nzima ikamsubiri kuku. Alipofika, akakabidhiwa shemeji, baiskeli ikarudishwa, kesi ikafutwa.

Asubuhi iliyofuata Mkalimani alipeleka barua ya kuacha kazi. Bwana Shauri alikataa kuipokea. Alikuja mwenyewe mpaka nyumbani, akasimama uani na kusema hana kinyongo hata kidogo, na habari ya jasho ameshawasimulia wenzake klabuni. Mkalimani alimsikiliza kwa heshima, kisha akamuuliza: "Kesho nikisema 'mimi', Bwana utajuaje ni nani?" Wakati anaondoka, Mkalimani alimpa lile daftari. Alisema neno ni lao, na yeye ameshamaliza nalo. Mwezi haukuisha, wakahamia Mamba kwa akina mkewe, kulima mpunga. Bomani wakaleta mkalimani kijana aliyesema "huyu bwana anadai."

Misimu miwili baadaye shemeji alikuwa kwangu, ameshakunywa, anajisikia vizuri. Akanieleza huku akicheka kwamba siku ile alipokamatwa alikuwa ameshapatana na mnunuzi Kibaoni. Yeye hakuwa anasubiri kuku kabisa. Wangechelewa kidogo, baiskeli ingekwenda. Sikucheka. Nilimwambia alale, na tangu siku hiyo sikumshonea nguo tena. Kilichonikaa rohoni ni yule mtu mwingine, aliyeacha kazi aliyoipenda kuliko kitu chochote kwa ajili ya mwizi niliyemletea mimi.

Mwisho wa miaka ya hamsini nilikwenda Mamba kwa lori kuwashonea sare watoto wa shule ya misheni. Nilimkuta shambani, juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, akiwinga ndege. Alikuwa ameshika kamba zilizofungwa makopo, akizivuta pale ndege walipotua. Alikuwa amezeeka. Alinikaribisha juu, nikapanda, tukakaa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumshukuru na kunyamaza, lakini nilipomwona na zile kamba nilishindwa. Nikamwambia yote, mpaka mnunuzi wa Kibaoni.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Fundi, nimesema maneno ya wezi miaka kumi na minne. Mtani wa kweli haendi mbali na kuku."

Nilimuuliza basi kwa nini alisema yale. Akavuta kamba, ndege wakaruka upande wa pili.

"Niliyosema juu ya utani ni kweli. Juu ya shemeji yako hakuna aliyeniuliza."

"Kama ni kweli, mbona uliacha kazi, Mzee?"

Safari hii aligeuka akatazama njia ya nyumbani. Nilidhani anamtafuta mkewe kwa macho.

"Kwa sababu siku ile, baada ya kusema, nilibaki nimesimama pale nangoja. Nilitaka waniulize jambo lingine, mimi mwenyewe."

Niliona haya kama sijawahi kuona. Nilikuwa nimempima kiuno miaka kumi, na habari zake nikamuuliza mkewe. Nikachukua kamba mbili mkononi mwake nimsaidie upande wa mtoni, nikamuuliza kwao hasa ni wapi, na ilikuwaje akafika kwetu. Alianza kwa shida, akarudi nyuma, akaanza upya, kisha akaendelea mpaka jua likageuka na mkewe akatuletea viazi, naye akala huku anasema. Aliyonieleza aliniambia mimi, na hapa siyaandiki.